Je, utani wa watengeneza programu wakati wa hitilafu kubwa ni dharau?

mtunza_seva aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeleta mvutano kazini kwetu. Kila inapotokea habari kubwa ya teknolojia, hasa habari mbaya, kundi la WhatsApp la idara yetu hufurika utani kabla hata vyombo vya habari havijaeleza kilichotokea. Ilikuwa hivyo Oktoba 20, 2025, huduma za wingu za Amazon zilipoyumba na programu nyingi duniani zikazimika pamoja nazo. Sisi wenyewe hatukuguswa, lakini mtu wa kwanza kuandika kundini hakuuliza chanzo. Aliandika maneno mawili tu, "Ni DNS", wengine wakaongeza ya kwao, na vicheko vikaendelea hadi jioni. Meneja wetu wa uendeshaji, mzee tunayemheshimu na ambaye hakusomea kompyuta, aliyasoma maandishi hayo na kusema bila kuficha kwamba ameyaona kuwa ni dharau. Kuna watu mahali fulani wamekwama na kazi zao, alisema, na sisi ambao tungepaswa kuwaonea huruma tunawacheka. Je, siku yakitufika sisi itakuwaje?

Hoja yake ni nzito na sitaki kuipuuza. Wakati huohuo ninajua kwamba walioandika utani ule ndio haohao ambao seva ikianguka saa nane za usiku huamka bila kusukumwa. Ninauliza basi: utani huu una kazi yoyote zaidi ya kuchekesha, na mipaka yake iko wapi? Naomba majibu yenye mifano ya matukio halisi, kwa kuwa ninakusudia kumwonyesha mzee mwenyewe.

fundi_wa_zamu alijibu:

Ndugu mtunza_seva, nianze na hayo maneno mawili yaliyomkera mzee, kwa kuwa naona yamehukumiwa kabla ya kueleweka. DNS ni huduma inayobadilisha jina la tovuti kuwa anwani ya namba ambayo kompyuta huitumia kufika inakokwenda. Ikikosea, seva zinaweza kuwa nzima kabisa, hifadhidata ziko salama, umeme upo, na bado hakuna anayeweza kuzifikia kwa sababu anwani yao haipatikani. Kosa la aina hiyo hujificha nyuma ya dalili nyingine nyingi, na mafundi wengi wamepoteza muda mrefu wakikagua kila kitu isipokuwa hilo. Utani wa "Ni DNS" ulizaliwa humo, na maana yake kwa anayeusikia akiwa zamu ni moja: kagua hapo kwanza.

Siku ile ya Oktoba aliyeandika hivyo alikuwa amepatia. Maelezo yaliyotolewa baadaye na Amazon yalionyesha kwamba sehemu mbili za mfumo unaojiendesha wa kusimamia rekodi za DNS za hifadhidata ya DynamoDB, katika eneo la Virginia Kaskazini, zilipishana katika kuandika, na rekodi ya anwani ya huduma hiyo ikabaki tupu. Huduma nyingine nyingi za Amazon hutegemea DynamoDB, kwa hiyo nazo zikafuatana kuanguka. Hata vitanda vya kisasa vinavyodhibitiwa kwa intaneti viligoma, na baadhi ya wamiliki wakalalamika kwamba vimebaki na joto kali au vimeinuka upande mmoja na havishuki. Habari ya vitanda ilichekwa sana, na mimi naona ilistahili, kwa sababu ndani ya kicheko kile kulikuwa na swali la kihandisi ambalo mtengenezaji anapaswa kulijibu: kwa nini kitanda kilichomo chumbani kwa mtu kishindwe kulala chali kwa sababu ya rekodi iliyofutika Virginia?

Mfano mwingine ni wa Oktoba 4, 2021, siku ambayo wengi wetu tunaikumbuka, kwa kuwa huku kwetu biashara ndogo nyingi huagiza na kuuza kwa WhatsApp, na mtu WhatsApp ikigoma huwa wa kwanza kushuku bando lake. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya Facebook. Seva za DNS za kampuni hiyo, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, ziliacha kuutangazia mtandao wa dunia njia za kuzifikia, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikatoweka kwa saa sita hivi. Kwa kuwa jina facebook.com halikuwa likijibu, baadhi ya tovuti zinazotafuta majina yasiyo na mwenyewe zilionyesha, kwa kujiendesha, kwamba linauzwa. Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, akauliza hadharani bei yake ni kiasi gani. Watu walicheka, lakini utani ule unaeleza vizuri kuliko kurasa kadhaa za kitabu tofauti kati ya jina lililosajiliwa na jina linalojibu. Vijana ninaowafundisha kazi huwa hawausahau.

bi_mantiki alijibu:

Ninakubaliana na ndugu fundi kwamba utani mzuri hubeba uchunguzi ndani yake. Ninachotaka kuongeza ni kwamba utani mbaya nao hubeba uchunguzi, ila wa uongo, na huo ndio hasa unaopendwa na watu walio nje ya fani. Tukio la CrowdStrike la Julai 19, 2024 linalionyesha jambo hili pande zote mbili, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni hiyo ya ulinzi wa kompyuta ilituma faili la masasisho kwa mashine za Windows za wateja wake, na saa 2:27 ikaliondoa. Katika dakika hizo 78, kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5 ziliguswa, idadi iliyo chini ya asilimia 1 ya mashine zote za Windows, lakini zilikuwa mashine za viwanja vya ndege, benki, hospitali na vituo vya simu za dharura. Kuliondoa faili hakukutosha, kwa sababu mashine iliyokwisha kulipokea ilikuwa ikizima kabla ya kupata nafasi ya kupokea sahihisho. Fundi alilazimika kuifikia kila mashine, kuiwasha katika hali ya usalama, kuingia kwenye folda husika, kutafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, kulifuta, kisha kuwasha tena na kuhamia mashine ya pili. Pale diski ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kabla ya hayo yote ilimbidi aandike ufunguo wa tarakimu 48, na mahali pengine funguo hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imelala. Microsoft ikaeleza kwamba baadhi ya wateja wa mashine za wingu walifanikiwa kwa kuwasha upya tu, hata mara 15. Ushauri wa "zima kisha washa", ambao umetaniwa miaka yote, ukawa sehemu ya maelekezo rasmi, na waliocheka kwa hilo walikuwa ni haohao waliokuwa wakizima na kuwasha.

Sasa tazameni utani uliosambaa kuliko wote siku hiyo. Mbelgiji mmoja anayeandika habari za mzaha, Vincent Flibustier, aliweka mtandaoni picha ya kutengenezwa inayomwonyesha kwenye ofisi za CrowdStrike, akisema kwamba ni siku yake ya kwanza kazini, kwamba ametuma sasisho dogo na sasa anapumzika mchana. Baadaye akaandika kwamba amefukuzwa. Watu wengi sana waliamini, nami nadhani waliamini kwa sababu utani ule uliwapa mkosaji mwenye sura. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Kwa mujibu wa ripoti ya kampuni yenyewe, kiolezo cha taarifa kilitaja sehemu 21, ilhali msimbo uliokuwa ukikitumia ulipeleka 20 tu. Majaribio ya awali hayakuligundua pengo hilo kwa sababu sehemu ya 21 ilikuwa imeachwa ikubali thamani yoyote, na programu ya ukaguzi nayo ikalipitisha faili. Sasisho la Julai lilipoihitaji sehemu hiyo kweli, programu ilisoma nje ya mipaka ya kumbukumbu, ndani kabisa ya kiini cha Windows, ambako kosa moja huiangusha mashine nzima. Juu ya hayo, masasisho ya aina hiyo yalitumwa kwa wateja wote kwa mkupuo badala ya kwenda kwa awamu. Hapo hakuna mgeni wa siku ya kwanza. Kuna hatua za ukaguzi zilizopitwa moja baada ya nyingine. Mtu aliyebaki na ile picha kichwani hawezi kuuliza swali linalofaa, yaani kama masasisho ya kwake yanatumwa kwa awamu.

Kuna na utani mwingine wa siku hizo. Shirika la ndege la Southwest halikuyumba kama mengine, na ikadaiwa kwa mzaha kwamba limeokolewa na Windows 3.1, mfumo wa mwaka 1992. Baadhi ya vyombo vya habari viliichukua kama taarifa, ingawa haikuwa na msingi. Nina hakika wapo mameneja ambao hadi leo wanaamini kwamba mfumo mkongwe ni kinga, na hilo ni jambo la hatari.

Kwa upande wa pili, Agosti mwaka huohuo, kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, wataalamu wa usalama walitoa tuzo yao ya mzaha kwa kushindwa kukubwa kuliko kote. Michael Sentonas, rais wa CrowdStrike, alipanda jukwaani akaipokea mwenyewe, akakiri kwamba kampuni ilikosea vibaya, na kusema kikombe kitawekwa makao makuu ili kila mfanyakazi akione. Utani uliomfikia mhusika usoni, ukamfanya akiri hadharani, nauheshimu kuliko utani elfu moja unaosemwa pembeni.

mjukuu_wa_unyamwezi alijibu:

Wakuu, mzee huyo akielezwa kwa lugha ya desturi zetu atalielewa jambo hili upesi. Sisi Wanyamwezi tuna watani wetu Wazaramo, kama Wapare walivyo na Wachaga. Mtani akija msibani huja na kelele, hudai alipwe kabla jeneza halijatolewa, huigiza namna marehemu alivyotembea na alivyofuatilia madeni yake, na wafiwa hucheka katikati ya machozi. Hakuna anayesema amedharau, kwa sababu mtani huyohuyo hushika jembe kaburi likichimbwa, na kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu huzibeba yeye. Haki yake ya kutania na wajibu wake wa kufanya kazi ni kitu kimoja. Ndiyo maana ninapoona utani wa wenzetu juu ya hitilafu, sipimi ukali wa maneno. Naangalia kama aliyeyasema ameshika jembe.

Mwaka 2016, Machi 22, Azer Koçulu aliziondoa kwenye npm, hazina ya mtandaoni ambako watengeneza programu huazima vipande vya msimbo vilivyo tayari (maktaba), maktaba zake zaidi ya 250 baada ya kutofautiana na wasimamizi kuhusu jina la mojawapo. Kati ya hizo ilikuwamo left-pad, msimbo wa mistari 11 ambao kazi yake ni kuongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa maandishi mpaka yafikie urefu unaotakiwa. Zana kubwa kama Babel ziliitegemea kupitia maktaba nyingine, na programu za watu wasiowahi hata kulisikia jina hilo zikashindwa kujengwa. Baada ya saa chache npm iliirudisha. Vicheko vilikuwa vingi, na mtu mmoja akaanzisha tovuti ya kuongeza hizo nafasi kama huduma ya intaneti, lakini kicheko hakikuishia hewani: npm ilibadilisha kanuni za kuondoa maktaba ambazo wengine wanazitegemea, na mwaka 2017 kazi hiyo ikaingizwa katika lugha ya JavaScript yenyewe kwa jina la padStart. Hapo watani walichimba.

Penye xz nina uchungu zaidi. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliutangazia ulimwengu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya zana hiyo ya kubana mafaili yamewekewa mlango wa siri. Aliligundua jambo hilo kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kula nguvu ya kichakataji isivyo kawaida, akaamua kutafuta sababu badala ya kuvumilia. Utani uliofuata ulikuwa wa kumshukuru mtu asiyestahimili nusu sekunde, na mimi niliufurahia kwa moyo wote. Lakini someni na upande wa pili. Zana ile inayotumika karibu katika kila mashine ya Linux ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu walimshinikiza hadharani kwa sababu ya ucheleweshaji, naye akaeleza kwamba afya yake ya akili imemwelemea kwa muda mrefu. Aliyejitokeza kumsaidia kwa jina la Jia Tan, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo, ndiye aliyeuweka mlango. Utani kwamba dunia nzima imeegemea mtu mmoja asiyelipwa tumekuwa tukiutoa miaka mingi kabla ya hapo, sote tukitikisa kichwa kukubali, na jembe likabaki ukutani.

takwimu_za_afya alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Mfano wa watani ni mzuri sana, ila mtani anajulikana na wafiwa, na wafiwa wanaijua desturi. Mgonjwa haijui desturi yetu. Julai 19, 2024, mfumo wa hospitali wa Mass General Brigham huko Boston uliahirisha miadi yote isiyo ya dharura, na Uingereza zahanati nyingi za madaktari wa familia zilikosa mfumo wao wa kumbukumbu za wagonjwa. Mtu aliyefunga kula tangu usiku akisubiri upasuaji wake, kisha akaambiwa arudi nyumbani, akikutana mtandaoni na picha za skrini ya bluu, ile ambayo Windows huonyesha inapoanguka, zilizoandikwa maneno ya kuchekesha, hana njia yoyote ya kujua kwamba kinachochekwa ni faili na si yeye.

Kwa hiyo mimi namwona meneja yuko sahihi kuhusu msomaji, hata kama hayuko sahihi kuhusu nia ya mwandishi. Kundi la wafanyakazi ambamo mameneja, wahasibu na madereva wanasoma si mahali pa utani huo huduma ikiwa bado haijarudi.

bi_mantiki alijibu:

Dada takwimu_za_afya, hoja yako naipokea yote. Ningeweka hata sharti la muda: hadi huduma irejee, kundini ziandikwe taarifa tu, kwa sababu fundi anayetafuta chanzo akiwa na simu mkononi hapaswi kupekua vichekesho ili kuipata taarifa moja inayomfaa.

msoma_data alijibu:

Nimesoma yote, na kuna jambo ambalo halijaguswa ingawa ndilo linalonisumbua zaidi kwa sasa, nalo ni kwamba wasomaji wetu si watu peke yao.

Mei 2024, Google ilipoanza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji nchini Marekani, aliyeuliza afanye nini ili jibini ishike kwenye piza alishauriwa kuchanganya kwenye mchuzi gundi isiyo na sumu, kiasi cha moja ya nane ya kikombe. Watu walipofuatilia walikuta ushauri huo umefanana na utani ulioandikwa na mtumiaji wa Reddit miaka 11 kabla. Jibu jingine lilipendekeza kula jiwe dogo moja kwa siku, nalo lilitoka kwenye gazeti la mzaha la The Onion. Watengeneza programu walicheka kwa wiki kadhaa, na kwa sehemu walikuwa wanayacheka maneno ya kizazi chao wenyewe yaliyorudi yakiwa yamevishwa mamlaka. Dada bi_mantiki ameeleza jinsi mzaha wa Windows 3.1 ulivyogeuka habari kwa mkono wa binadamu. Mashine hufanya hivyohivyo bila hata kukunja uso.

Zaidi ya hapo, habari zenyewe sasa zinahusu mashine hizo. Julai 2025 Jason Lemkin, mwekezaji wa Marekani, alieleza jinsi wakala wa akili mnemba wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alivyofuta hifadhidata halisi wakati ameagizwa asibadilishe chochote, kisha akaandika kwamba aliingiwa na hofu. Utani ukaja kwamba mashine imejifunza visingizio vya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nami niliucheka, lakini ni mkosaji mwenye sura kwa mara nyingine, kwa kuwa swali lilikuwa ni kwa nini wakala yule alipewa ufunguo wa hifadhidata halisi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kwamba hifadhidata za majaribio zitatenganishwa na zile halisi kwa kujiendesha, hatua ambayo ingezuia madhara hata kama aliyeshika kibodi ni binadamu.

Katika timu ninayofanya nayo kazi tumekubaliana kwamba ripoti ya tukio haiingii mzaha hata neno moja, wala maelezo yaliyomo ndani ya msimbo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayosomwa baadaye na mtu au mashine isiyojua tulikuwa tunacheka. Utani unakaa kwenye kundi la mafundi peke yao, na ripoti rasmi ya chanzo inapotoka, aliyetania ndiye anayeileta na kueleza kama alipatia au alikosea. Ndugu mtunza_seva, kijana wako wa "Ni DNS" alipatia. Mpeni kazi ya kumwandikia mzee ukurasa mmoja kuhusu ile rekodi iliyobaki tupu, na aseme humo kama mfumo wenu wa mizigo unaweza kupatwa na jambo kama hilo.